Baraza Lililovuka Mipaka: Wazee na Vijana wa Dzaleka tangu 1994

Historia ya maelewano baina ya wazee na vijana huandikwa mara nyingi kama historia ya tabia, ikisimulia kwamba zamani wazee walikuwa na busara na vijana walikuwa na utii, kisha dunia ikaharibika. Masimulizi ya namna hiyo hayawezi kuieleza Dzaleka, makazi ya wakimbizi yaliyomo katika wilaya ya Dowa, takriban kilomita 45 kaskazini mwa Lilongwe, mji mkuu wa Malawi. Watu waliofika hapo kutoka Kongo, Burundi na Rwanda walitoka katika jamii zilizokuwa na mahali mahususi pa wazee na vijana kukutana, pakiwa na kazi zake, saa zake na miiko yake, na vita viliwanyang'anya mahali hapo hata kabla ya kuwapunguzia heshima. Hoja ya insha hii ni kwamba maelewano yalivunjika huko pale vizazi viwili vilipokosa mahali na kazi ya pamoja, na kwamba yaliporudi, yalirudi pale tu mzee alipomhitaji kijana kwa jambo la kweli na kijana naye akamhitaji mzee kwa jambo la kweli.

Kwa neno kizazi hapa kunakusudiwa watu wa daraja moja katika ukoo, yaani wazazi, watoto wao, kisha wajukuu. Kwa neno rika kunakusudiwa watu waliokaribiana umri, hata wasipokuwa ndugu, ambao katika jamii nyingi za Maziwa Makuu walikua, wakafundwa na wakapewa majukumu kwa pamoja. Tofauti hiyo ina uzito, kwa kuwa kambi iliuacha ukoo na majina yake, baba akaendelea kuitwa baba na nyanya akaendelea kuitwa nyanya, lakini marika yalichanganywa upya: kijana aliyetoka Fizi ya Kongo alijikuta darasani na kijana kutoka Ngozi ya Burundi na mwingine kutoka Butare ya Rwanda, wakacheza mpira mmoja na kusoma kitabu kimoja, ilhali baba zao hawakuwa na desturi moja ya kuketi wala ya kuamua shauri.

Jina la mahali penyewe lina historia ya uchungu. Katika Chichewa, lugha kuu ya Malawi ya kati, kitenzi kuleka maana yake ni kuacha jambo, na umbo ndidzaleka ni ahadi ya mtu anayesema kwamba ataacha na hatarudia tena. Hilo lilikuwa jina la gereza ambamo serikali ya Hastings Kamuzu Banda iliwafungia wapinzani wake wa kisiasa baada ya mgogoro wa baraza la mawaziri wa mwaka 1964. Utawala wake wa chama kimoja ulikataliwa katika kura ya maoni ya Juni 1993, Bakili Muluzi akashinda uchaguzi wa Mei 1994, na katika mwaka huohuo, wakati Rwanda ikiwa katika mauaji ya kimbari na Burundi ikitikiswa na mauaji yaliyofuata kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye mnamo Oktoba 1993, eneo la gereza hilo likafunguliwa kuwa makazi ya wakimbizi chini ya serikali ya Malawi na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, UNHCR. Vita vya Kongo vya 1996 na 1998 vikaongeza watu wengine, na Wakongomani ndio wakawa wengi kuliko wote. Mahali palipokusudiwa watu kati ya 10,000 na 12,000 palikuja kubeba zaidi ya 50,000.

Malawi haikuwa ngeni katika kazi ya kupokea watu. Katika miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilihifadhi zaidi ya Wamsumbiji milioni moja waliokimbia vita vya nchini mwao, ambao wengi wao walirejea makwao baada ya mkataba wa amani wa Oktoba 1992. Lakini wengi wa Wamsumbiji hao walisema lugha moja na wenyeji wao, au lugha ndugu, na wengine walikuwa na jamaa ng'ambo ya pili ya mpaka, hivyo mzee wa Kimsumbiji aliweza kwenda kwa chifu wa kijiji, akajitambulisha kwa ukoo wake na akasikilizwa kama mzee. Mzee aliyefika Dzaleka kutoka Uvira ya Kongo au Gitega ya Burundi hakuwa na njia hiyo. Ukoo wake haukujulikana na mtu yeyote zaidi ya waliokuja naye, na umri wake ukawa tarakimu tu kwenye karatasi ya usajili.

Ili kuelewa kilichopotea, inafaa kuvitazama vyombo ambavyo watu hao walikuwa navyo. Neno baraza, ambalo pwani ya Uswahilini ni kwanza kabisa benchi la mawe lililojengwa nje ya nyumba ili wenyeji na wageni waketi, lilisafiri bara pamoja na misafara ya karne ya 19, likapita Ujiji, likavuka Ziwa Tanganyika hadi Manyema, mashariki mwa Kongo, na katika Kiswahili cha Kongo likawa barza, likimaanisha ukumbi wa mbele ya nyumba na pia kikao cha watu wanaoamua jambo. Wabembe wa Fizi walikuwa na chombo chao cha namna hiyo, lubunga, yaani banda la wanaume lililokuwa katikati ya kijiji, ambapo chakula kililetwa, mashauri yalizungumzwa na wavulana walikaa pembeni wakisikiliza. Kusikiliza huko ndiko kulikokuwa shule. Mvulana hakuulizwa maoni, lakini hakufukuzwa pia, na kwa miaka alijifunza nani husema kwanza, hasira hupozwa vipi, na deni la mahari huhesabiwaje bila kuandika.

Kwa Walega, majirani wa Wabembe, na kwa Wabembe wenyewe kwa namna yao, kulikuwa na bwami, chama cha ngazi ambamo mtu alipanda daraja moja baada ya jingine kwa msaada wa jamaa zake, kwa mali, na kwa kufundwa. Mafunzo yake yalitolewa kwa vitu na methali vikiwa pamoja: sanamu ndogo ya mti au ya pembe ya ndovu iliwekwa mbele ya mwanafunzi, methali yake ikasemwa, ngoma ikachezwa, na maana ikaachwa imkomae kichwani. Wanawake nao walikuwa na nafasi humo, kwa kuwa mume hakuweza kufika ngazi za juu bila mke wake kupanda naye. Serikali ya Ubelgiji ilikipiga marufuku chama hicho mwaka 1933 na tena mwaka 1948, ikikiona kuwa hatari kwa utawala wake, ingawa hakikufa. Jambo hili halipaswi kupitwa haraka, kwa sababu linaonyesha kwamba uhusiano wa vizazi mashariki mwa Kongo ulikuwa umekwisha kujeruhiwa na amri za serikali miaka 60 kabla ya lori la kwanza kufika Dzaleka.

Burundi ilikuwa na abashingantahe. Neno hilo limetokana na kitenzi gushinga, kusimika, na intahe, fimbo iliyogongwa chini shauri lilipoamuliwa. Mushingantahe ni mtu aliyekabidhiwa fimbo hiyo mbele ya watu, baada ya kuchunguzwa muda mrefu kama ana ukweli, kiasi katika pombe, na nyumba yenye utulivu. Rwanda ilikuwa na gacaca, kikao cha nyasini kilichopatanisha majirani, ambacho baadaye, kati ya 2002 na 2012, serikali ilikigeuza kuwa mahakama za kuhukumu washiriki wa mauaji ya kimbari, hivi kwamba neno lilelile likawa na maana mbili zisizolingana kwa mzee na kwa kijana. Wenyeji wa Dowa, ambao wengi wao ni Wachewa, wana bwalo, uwanja wa kijiji unaotumika kwa mashauri na kwa ngoma, na wana Gule Wamkulu, ngoma kuu ya vinyago vya chama cha nyau, ambayo mwaka 2008 iliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni usioshikika.

Vyombo hivi havikuwa paradiso. Lubunga ilikuwa ya wanaume, kijana alingoja kwa miaka kabla ya kufungua kinywa, na mzee mbaya aliweza kujificha nyuma ya mvi zake. Mwandishi anayevisifu bila kusema hayo anawadhulumu wanawake na vijana waliovumilia. Hata hivyo vilikuwa na sifa moja ambayo hakuna kilichokuja baadaye kilichoweza kuifidia upesi: viliwaweka wazee na vijana mahali pamoja kila siku, bila kuitwa, bila ajenda, na kwa shughuli ambayo ilikuwa lazima ifanyike.

Kambi ilifanya kinyume chake, na ilifanya hivyo bila nia mbaya. Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 mnamo Desemba 1987, iliweka masharti ya kutofungwa na baadhi ya vifungu vyake, vikiwamo vya ajira, elimu na uhuru wa kwenda popote, na Sheria ya Wakimbizi ya 1989 ikafuatwa na sera ya kuwataka wakimbizi wakae kambini. Mwanamume aliyekuwa mkulima au mfugaji hakuwa na shamba wala zizi la kumfundishia mwanawe. Alichokuwa nacho ni kadi ya familia na foleni ya posho. Mamlaka ya baba katika jamii hizi yalisimama juu ya kugawa: ardhi, ng'ombe, mahari, nafasi ya kujenga. Posho iligawiwa na shirika, kwa hesabu ya watu waliomo katika kadi, na mtoto wa miaka mitatu alihesabiwa sawa na babu yake. Hesabu hiyo ilikuwa ya haki, kwani tumbo la mtoto ni tumbo, lakini ilimwondolea mzee kazi aliyokuwa ameizeeka.

Halafu kulikuja lugha. Kiswahili hakikuwa kigeni kabisa katika nchi hiyo: katika karne ya 19 akina Jumbe walitawala Nkhotakota, kando ya Ziwa Malawi, wakiwa wafanyabiashara Waislamu waliotoka pwani, na Mlozi, mfanyabiashara wa watumwa, alikuwa na ngome karibu na Karonga mpaka Waingereza walipomshinda na kumnyonga mwaka 1895, akiwa ameacha nyuma yake kumbukumbu chungu ya biashara ya watumwa. Lakini Kiswahili kilichofika Dzaleka kilitoka upande mwingine, kikiwa Kiswahili cha Kivu na Tanganyika za mashariki mwa Kongo, ambamo wazee huitwa bazee na vijana huitwa bijana, na ndicho kilichogeuka kuwa lugha ya soko na ya makanisa baina ya Wakongomani, Warundi na Wanyarwanda. Nje ya hapo, ofisi zilisema Kiingereza, na polisi, madereva na wanunuzi kutoka vijijini walisema Chichewa. Watoto waliingia shule, miongoni mwake Shule ya Msingi ya Umodzi Katubza, inayoendeshwa na Shirika la Wajesuiti la Kuhudumia Wakimbizi na ambayo jina lake la umodzi ndilo umoja wa Kiswahili, wakasoma pamoja na watoto wa wenyeji, na baada ya miaka michache walikuwa wakisema Chichewa na Kiingereza ambavyo wazazi wao hawakuvijua.

Matokeo yake yanaonekana vizuri zaidi katika chumba cha matibabu kuliko mahali pengine popote. Mtoto wa miaka 12 anasimama kati ya mama yake na mganga. Mama anasema kwa Kibembe au Kirundi, mtoto anatafuta neno la Chichewa, na swali linalorudi ni la mambo ya mwili ambayo, kwa desturi ya nyumbani kwao, mwana hapaswi kuyasikia kutoka kwa mama yake, sembuse kuyatamka. Mama anafupisha. Mtoto naye, kwa aibu au kwa huruma, anafupisha tena. Ukalimani wa namna hii, ambao ni wa kawaida miongoni mwa familia za wahamiaji duniani kote, ulimpa mtoto ufunguo wa milango yote ya nje, na ukamfanya mzazi aingie kila ofisi akiwa nyuma ya mtoto wake. Vijana wengi waliubeba wajibu huo kwa upole mkubwa, nao wanastahili shukrani ambayo haikuwahi kutolewa hadharani. Lakini mzee aliyezoea kusemewa na mwanawe barazani kwa heshima alikuwa sasa anasemewa kwa kuwa hakuweza kujisemea, na vitu hivyo viwili havifanani.

Hata utaratibu wa kusikiliza watu ulichangia. Mashirika, kwa nia njema ya kuhakikisha kwamba mwanamke na kijana hawanyamazishwi na wazee wa kiume, yaliwakutanisha watu kwa makundi: kikao cha wanawake, kikao cha vijana, kikao cha wazee, kila kundi likitoa mahitaji yake. Msichana aliyekuwa hapati nafasi katika barza aliipata humo, na hilo ni jambo kubwa. Ila kijana alieleza shida ya wazee akiwa mbali nao, na wazee walieleza shida ya vijana pasipo hata kijana mmoja wa kuwajibu, kisha maneno yote mawili yakakutana katika ripoti ya Kiingereza ambayo hakuna upande uliomsomea mwenzake.

Juu ya yote hayo kulikuwa na ukimya. Wazee wengi wa Dzaleka walibeba habari ambazo hawakutaka kuzisema: Burundi ya 1972 na ya 1993, Rwanda ya 1994, Kongo ya 1996 na ya 1998. Walinyamaza kwa sababu zinazoeleweka, kwa kuwa jirani wa upande wa pili wa ukuta wa matofali ya udongo alitoka nchi ileile na huenda alikuwa upande mwingine wa ugomvi uleule, na mtoto akisimuliwa leo angeuliza kesho shuleni. Vijana, kwa upande wao, walizisikia habari hizo vipandevipande, redioni, kwenye simu, katika matusi ya uwanjani, na wakahitimisha kwamba wazee wanaficha jambo la aibu. Neno kadogo, lililotumika kuwaita watoto waliopewa bunduki katika jeshi la waasi la Laurent-Désiré Kabila huko Kongo mwaka 1996, lilikuwa kwa mzee jina la hofu, yaani mtoto anayeweza kumwamrisha baba yake apige magoti. Kwa kijana aliyezaliwa Malawi ni neno tu la kumwita mdogo. Watu wawili wanaweza kuishi chumba kimoja na wasijue kwamba neno wanalolitumia kila siku limekufa upande mmoja na linavuja damu upande wa pili.

Kilichoufungua ukimya huo kwa kiasi kikubwa kilikuwa, ajabu kusema, karatasi. Familia iliyofikiriwa kuhamishiwa nchi ya tatu, kama vile Marekani, Kanada au Australia, ilihojiwa kwa urefu kuhusu ukoo wake, kijiji ilikotoka, njia iliyopitia na sababu ya kukimbia, na maelezo ya watu wa nyumba moja yalilinganishwa. Vilevile UNHCR ilipopendekeza kwamba nchi ziache kuwahesabu kama wakimbizi Wanyarwanda waliokimbia kabla ya mwisho wa 1998, pendekezo lililopangwa kuanza kutumika tarehe 30 Juni 2013, vijana ambao hawakuwahi kuiona Rwanda walilazimika kujua kwa nini baba zao waliikimbia na kwa nini waliogopa kurudi. Kwa mara ya kwanza tangu kuondoka nyumbani, kijana alimhitaji mzee kwa jambo lisiloweza kupatikana shuleni wala kwenye simu: majina ya mababu, jina la mto, mwezi ambao moto uliwashwa. Usiku, kabla ya mahojiano, nyumba nyingi zilifanya kile ambacho lubunga ilikifanya zamani. Ni masikitiko kwamba simulizi ya ukoo ilibidi irudi ikiwa ushahidi wa faili, na mzee aliyejikwaa katika tarehe aliogopa kuonekana mwongo. Hata hivyo ilirudi, na wapo vijana waliojua kwa njia hiyo kwamba babu yao alikuwa mushingantahe.

Lilongwe ilitoa njia nyingine ya kuvikutanisha vizazi viwili. Mji huo, uliochukua nafasi ya Zomba kama makao makuu mwaka 1975, umegawanywa katika mitaa inayoitwa kwa namba, na namba hizo hazifuatani kijiografia, hivi kwamba mgeni anayeitafuta Area 36 hawezi kuifikia kwa kuhesabu kutoka mtaa wa jirani, lazima aulize. Pamoja na sera ya kukaa kambini, familia nyingi za wakimbizi ziliishi na kufanya biashara mjini kwa miaka mingi, katika mitaa ya aina ya Area 36, zikiuza vyakula, nguo na bidhaa ndogondogo, na nyingine zikibaki na mguu mmoja kambini na mwingine mjini. Duka la familia lilikuwa mahali pa vizazi viwili kwa namna ambayo foleni ya posho haikuweza kuwa. Mzee alijua kupima mteja, kukopesha na kukataa kukopesha, kuweka akiba ya msimu wa njaa. Kijana alijua bei ya Chichewa, karatasi za manispaa na njia ya kutuma fedha kwa simu. Hapakuwa na haja ya mtu kuwahubiria waheshimiane, kwa sababu ifikapo jioni hesabu ya droo ilikuwa imewaonyesha wote wawili nani alimwokoa nani.

Mahali hapo pia hapakuwa salama. Mwaka 2021 serikali iliagiza wakimbizi wote walioko mijini na vijijini warudi Dzaleka, amri ikapingwa mahakamani na kucheleweshwa, kisha mwaka 2023 ikatekelezwa kwa nguvu: mnamo Mei mwaka huo polisi waliwakamata mamia ya watu jijini Lilongwe, watoto wakiwamo, wakawapeleka kambini, na maduka yakafungwa. Kwa vizazi viwili vilivyojifunza upya kufanya kazi pamoja, pigo hilo halikuwa la fedha peke yake. Watu waliokuwa wamiliki na wasaidizi, wafundishaji na wafundishwa, walirudi kuwa majina kwenye kadi, na kwa wazee wengi ilikuwa mara ya pili au ya tatu maishani kuona kazi ya mikono yao ikiachwa nyuma ya mlango.

Lakini Dzaleka waliyoirudia haikuwa ile ya 1994. Ilikuwa na sehemu zenye majina ya miji na mitaa ya Malawi, kama vile Kawale, Likuni, Zomba na Blantyre, ilikuwa na soko ambalo wanavijiji wa Dowa hulitegemea, na ilikuwa na ngoma. Ngoma za Kirundi zinastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu hazina namna ya kupigwa na kizazi kimoja. Ngoma moja, inkiranya, husimama katikati na kuongoza. Nyingine, amashakwe, hushikilia mapigo yasiyobadilika. Zilizobaki, ibishikizo, hufuata kiongozi. Kila mpigaji ana fimbo mbili, imirisho. Mtoto huanza kwa kusimama nyuma ya amashakwe, akigonga hewa au paja lake, kwa muda ambao mwalimu hamwambii urefu wake. Hakuna nota wala maelezo, kuna mkono wa mzee unaoonekana na mkono wa mtoto unaojaribu kufanana nao. Mzee ambaye mikono yake imechoka humwachia kijana kuruka na kuzunguka inkiranya, yeye akishika mapigo ya chini, na kila anayesikiliza anajua kwamba yale mapigo ya chini yakikoma, mrukaji ataanguka. Huko Burundi sanaa hii, iliyoingizwa katika orodha ya UNESCO mwaka 2014, ilifungwa kwa amri ya rais ya 2017 ambayo iliwakataza wanawake kuipiga na kuweka sherehe zake chini ya idhini ya serikali. Nje ya mipaka ya amri hiyo, makundi ya wakimbizi yaliendelea kuamua yenyewe nani afundishwe.

Mwaka uleule wa 2014, Trésor Nzengu Mpauni, mshairi na mwanamuziki Mkongomani ajulikanaye kwa jina la Menes La Plume, ambaye alifika Dzaleka akiwa mkimbizi, alianzisha Tamasha la Tumaini, linaloandaliwa na shirika la Tumaini Letu na ambalo huwaleta kambini maelfu ya Wamalawi na wageni kutoka nje, bila kiingilio. Wengi wameliandika tamasha hilo kama daraja kati ya wakimbizi na wenyeji, na ndivyo lilivyo. Kilichoandikwa kidogo ni kwamba liliwapa vijana sababu ya kuwaendea wazee. Kijana anayefoka kwa mtindo wa hip hop, akitaka jukwaa lake lisifanane na la Chicago wala la Johannesburg, alihitaji mwito wa Kilega au mlio wa Kinyamulenge, na vitu hivyo havikuwa kwenye simu. Vilikuwa kwa bibi wa nyumba ya tatu. Wageni waliolala katika nyumba za wakimbizi wakati wa tamasha walipikiwa na akina mama, wakatafsiriwa na watoto, na mama aliyekuwa akisemewa zahanatini akawa sasa mwenye nyumba anayeulizwa maswali na kusubiriwa jibu lake. Mtoto alitafsiri vilevile, kwa maneno yaleyale, lakini safari hii alikuwa akimtumikia mwenye mamlaka.

Wenyeji wa Dowa walikuwa na somo lao katika jambo hili la kumheshimu mzee, nalo limo katika sarufi. Katika Chichewa mtu mmoja anayestahili heshima hutajwa kwa wingi, kama kwamba ni watu wengi: agogo, yaani babu au bibi, huja kwa kiambishi kilekile ambacho hutumika kwa kundi, na kumtaja mzee kwa umoja ni utovu wa adabu. Watoto wa Dzaleka walijifunza adabu hiyo shuleni na sokoni, na baadhi yao wakaihamishia nyumbani, wakamtaja baba yao kwa wingi hata katika Kiswahili, jambo ambalo wazee wa Kongo walilisikia mwanzoni kama kosa la lugha.

Sasa zaidi ya miaka 30 imepita. Mtoto aliyefika Dzaleka mwaka 1994 akiwa na miaka 10 ana miaka zaidi ya 40, ana watoto waliozaliwa Malawi, na katika vikao vya jumuiya, ambavyo Wakongomani bado huviita barza, ndiye anayeketi mbele. Hakuwahi kukaa pembeni ya lubunga, hakuona fimbo ya intahe ikigongwa chini, na anayoyajua kuhusu vyombo hivyo aliyasikia usiku wa kuamkia mahojiano. Alichojifunza kwa miaka mingi ni kusimama kati ya watu wawili wasioelewana, kumsikiliza wa kwanza mpaka mwisho, na kutafuta neno ambalo wa pili ataweza kulipokea. Kikao kinapoanza, wazee waliobaki huketi kwenye viti vya plastiki upande wa kivuli, vijana husimama ukutani wakiwa na simu mkononi, na mwenyekiti hufungua kwa Kiswahili cha Kivu, hurudia kwa Kirundi, kisha humgeukia kijana mmoja aliyeko ukutani na kumwomba alisome kwa Chichewa tangazo lililoletwa kutoka ofisini, na baada ya hapo humwomba mzee aliye mkubwa kuliko wote aseme kwanza.